Tamar Hainsworth Juu ya Kulabu

Kwetu Yorkshire, mtu anayengoja jambo roho juu husemwa yuko juu ya kulabu. Watu wa mijini wanausema msemo huo bila kujua ulikotoka. Sisi tunauona kwa macho. Jora la sufu likitoka kwenye kinu cha kukandia kitambaa kwa maji huwa limelowa na kujikunyata, basi tunalitundika kwenye viunzi vya mbao mlimani, kulabu juu, kulabu chini, tukalivuta mpaka likakazika, kisha tunaliacha likauke. Kwa muda wote huo halipati nafasi ya kulegea.

Tamar alikuwa jirani yangu, mfumaji mjane, ulimi wake mkali, lakini jina lake sokoni lilikuwa safi kuliko yetu sote. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, jora aliloagizwa na Bwana Lumb, la koti la arusi la mwanawe, lilitoka kinuni likiwa pungufu ya yadi moja. Tamar akaliangalia, akaniangalia na mimi, kisha akaning'inia kwenye ubao wa chini wa kiunzi kwa uzito wake wote. Yadi ikapatikana.

"Likilowa je?" nikamuuliza.

"Nani ataoga na koti, shoga yangu?"

Kila mtoto wa bonde letu anajua kwamba kitambaa kilichovutwa kupita kiasi kikionja maji hurudi kilikotoka. Kwa hiyo jora lilishuka kulabuni, akapanda Tamar. Wiki sita hakutulia. Wingu likitokeza tu, anaacha kitanda cha mfumi na kwenda mlangoni. Nilimcheka, na nilimhurumia pia, maana jina lile ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Siku ya arusi mvua ilitukuta tukitoka kanisani. Kwa Bwana Lumb tuliketi karibu na moto tukila pai ya kondoo, na koti la bwana arusi likaanza kukauka. Mikono ikapanda, ikaacha vifundo, ikaendelea na safari. Watu wakavunjika mbavu.

"Enos!" Bwana Lumb akamwita mshonaji. "Mwanangu umemshonea koti au kizibao?"

"Nilipima vizuri, bwana."

"Ulipima kwa macho ya bia! Nyumba hii hutashona tena hata kitufe."

Mzee Enos akavitazama vidole vyake kana kwamba ndivyo vilivyomsaliti. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na lawama imepata wa kuibeba, kwa hiyo Tamar angeweza kumaliza pai yake kwa amani. Akaweka sahani chini.

"Mwache Enos, Bwana Lumb. Mkasi wake haukukosea. Kitambaa nilikivuta mimi."

Kicheko kikakatika.

"Ulikivuta kiasi gani?"

"Yadi nzima."

"Wewe, Tamar? Miaka kumi na tisa nanunua kwako, sijakupimia hata mara moja!"

"Basi kuanzia leo nipimie."

Nilimwonea fahari, nikaona na uchungu. Bwana Lumb alimpimia kweli, kila jora, mbele ya soko zima, mpaka mwaka bwana huyo alipokufa. Tamar mwenyewe ndiye aliyekuwa akimshikia ncha ya pili ya jora.