Sura Zilizotazama Ukuta

Kanda ya video ya zamani ina harufu yake: vumbi, boksi lililowahi kulowa likakauka, na mafuta ya taa kwa mbali. Nikiipata harufu hiyo leo, hapa Arua, narudi moja kwa moja Koboko, mbele ya kibanda cha video cha Mzee Ratibu, msimu wa mtama nilipokuwa na miaka kumi. Kuingia ndani sikuruhusiwa. Bibi yangu aliyenilea alikuwa Mnubi aliyeshika dini barabara, na kwake sinema ilikuwa mambo ya askari na wavivu, ingawa babu zake wote walikuwa askari. Lakini hakuna aliyenikataza kusimama nje, pale mlangoni Mzee Ratibu alipopanga makasha ya filamu za kutisha ili kuwavuta wateja. Kulikuwa na maiti mwenye meno ya dhahabu, mkono unaotoka kisimani, na yule niliyempenda kuliko wote: mwanamke aliyeshika mshumaa, nusu ya uso mwangani, nusu gizani. Zote zilikuwa picha za kuchorwa kwa mkono, na wekundu ule sijauona kwingine. Filamu zenyewe sikuzihitaji. Hadithi nilijitungia mwenyewe.

Mwaka huo CD zikaingia na kanda zikawa takataka. "Hii kitu imekufa," Mzee Ratibu aliniambia, akilisukuma gunia la kanda na makasha yake kwa mguu. "Kama unataka, beba yote." Kufa kufaana. Nilijitwika gunia hadi nyumbani nikijiona tajiri, na utajiri wangu ukaishia mlangoni. Bibi alitoa kasha la kwanza, akakutana na yule maiti, akalirudisha kwa vidole viwili. "Hii kitu iko na macho," akasema. "Nyumba ya kuswali, hapana weka. Kesho nachoma na takataka." Bibi hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, nami sikulelewa kumjibu. Nililia kimya, kwa uchungu wa kweli, maana hadi siku ile sikuwahi kuwa na kitu ambacho ni changu peke yangu.

Asubuhi, kabla hajawasha moto, nikatoroka na gunia hadi shambani kwetu Lurujo. Huko ndiko nilikoshinda likizo nzima nikiamia ndege: nakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya mtama, napiga kelele na kutupa mabonge ya udongo. Ndege wa mwaka ule hawakuwa na adabu. Ukiwafukuza huku wanahamia kule, na bibi alikwisha kusema kwamba wakiendelea hivyo tutavuna mabua. Nilipokuwa naficha gunia juu ya dungu, kanda moja ikaniponyoka, ikapasuka chini, utepe wake mweusi ukatoka na kunasa kwenye masuke. Upepo ukavuma. Utepe ukametameta juani, ukaanza kulia sauti nyembamba ya kuogofya, na ndege wote wakainuka kwa pamoja. Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama njiani, kiberiti mkononi.

Niliogopa kuliko maiti yeyote angeweza kuniogopesha. Bibi aliutazama mtama, akautazama utepe, akatazama juu ndege walikoishia. Kisha akafunga kiberiti kwenye pindo la nguo yake na kuiokota ile kanda. "Kumbe iko na kazi," akasema. "Utumbo iko ya shamba. Sura iko yako. Lakini kwa jiko, na itazame ukuta." Tulishinda tukifunga tepe kutoka mti hadi mti, yeye akivuta, mimi nikifunga. Filamu zile ziliwatisha ndege mpaka mavuno, na makasha yakakaa jikoni yakiupa moshi mgongo. Bibi akienda sokoni, nilikuwa nageuza moja moja.

Siku hizi naandika mabango ya maduka mjini, chini ya Arua Hill, na vivuli vya herufi nilivyojifunza kwenye makasha yale ndivyo vinavyonilisha. Bado nayakusanya. Watu wa Dadamu, kando ya mji, huniletea ya kwenye stoo zao huku wakinicheka kwamba nanunua kanda na sina deki. Watoto wa leo wana sinema zote kwenye simu, nami nawaonea wivu, ila hawajui raha ya kuishi msimu mzima na picha moja.

Mwezi uliopita bibi alikuja kwangu kutolewa mtoto wa jicho. Kabla hajafika niligeuza sura zote ukutani, kwa heshima, bila kuambiwa. Siku moja baada ya kufunguliwa bandeji, nilirudi kutoka dukani nikamkuta kwenye chumba changu cha kazi, kasha la mwanamke wa mshumaa mkononi, amelisogeza karibu na jicho lake jipya. Nikaanza kumwomba radhi. Hakunisikiliza. Alitembea polepole hadi dirishani, akaliegemeza pale, sura ikitazama nje.

"Huyu mama nasimama kwa giza tangu wewe mutoto," akasema. "Wacha naye aone." Kisha akaniomba maji ya kutawadha.