Mlango wa Nyumba ya Austine

Miaka sita Austine aliwaomba nduguze wa Kisegi wamsaidie kujenga, wakamjibu kwa visingizio chungu nzima. Alipopasuliwa saratani ya utumbo mpana, mabati yalipatikana kwa siku tatu! Kwao mwanamume hazikwi bomani kama hana nyumba yake.

Leo amerudi kutoka kliniki Migori. Kiashiria cha saratani kwenye damu yake kimeshuka kutoka arobaini hadi tatu, na daktari anatarajia kuwa ataishi miaka mingi.

Akawakuta nduguze wakipanua mlango wa nyumba hiyo mpya.

"Mpana hivyo wa nini?"

Mmoja wao akaficha utepe wa kupimia nyuma ya mgongo.

"Wa kupitisha jeneza, sivyo? Mmenichosha nyinyi! Haya, endeleeni kupanua. Kochi ninalotaka kununua ni pana zaidi."