Chungu cha Pumba cha Mwalimu Keiko

Mwanangu, iko siku moja ambayo mkono wangu huu wa kulia haujaisahau, ingawa kichwa changu siku hizi kinasahau hata mahali nilipoweka miwani. Nimeikumbuka tena juzi, uliponionyesha kwenye simu yako watu wakipika chakula cha Kijapani, ukasema, "Hii ni rahisi tu, nitapika Jumamosi." Nikacheka kimoyomoyo. Ni rahisi kweli, sikatai. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa sijui kuinama.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi Bulla Pesa, mtaa huu wetu wa Isiolo, na akoo Darmi. Akoo ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa Mwalimu Keiko, mwanamke Mjapani aliyekuja Isiolo kufundisha hesabu shule ya wasichana. Nilimfulia, nikamfagilia, nikamtekea maji. Kupika alipika mwenyewe, nami nilisimama mlangoni nikishangaa.

Na kulikuwa na ya kushangaza. Mchele aliuosha mara nne, mara tano, mpaka maji yakatoka safi kama yalivyoingia. Maji yale yote akayakusanya kwenye ndoo ya mbuzi wa jirani, maana alikuwa ameshajua kwamba mji huu hauna maji ya kumwaga ovyo. Kisha akaupika bila mafuta, bila chumvi, bila iliki. Wali mtupu! Kwetu wali wa namna hiyo hupewa mgonjwa wa tumbo. Moto ulipozimwa hakufunua sufuria, bali aliketi mbele yake ametulia, akaiacha dakika kumi nzima kana kwamba mtoto amelala humo ndani. Supu yake ilikuwa maji ya moto, dagaa wakavu wachache, na kijiko kimoja cha rojo la maharagwe yaliyochachishwa. Supu niliikataa siku ya kwanza. Sisi watu wa ngamia tunamwona samaki kuwa ndugu yake nyoka. Ila wali niliuonja, mwanangu, nikaongeza tonge. Miaka yote nilikuwa nakula iliki na samli, nikidhani ndio mchele. Mchele wenyewe nilikutana nao siku ile, jikoni kwa mgeni.

Kabla ya kula aliunganisha viganja, akainamisha kichwa. Nikamuuliza anamshukuru nani.

"Nawashukuru waliolima mchele huu," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, kilichonyooka kuliko changu. "Na samaki waliotoa maisha yao. Na wewe, Halima, uliyeyateka maji."

Mimi! Hakuna mtu aliyewahi kunitaja mbele ya sahani yake. Siku hiyo Bismillahi yangu niliitamka polepole, kila herufi mahali pake.

Sasa nikufikishe kwenye chungu. Kilikaa pembeni mwa jiko, kimefungwa kitambaa kibichi ili kipoe, kama mtungi wa maji wa akoo. Ndani mlikuwa na pumba za mchele zilizolowa, zenye chumvi, laini kama udongo wa kukandika nyumba. Mwalimu alizika humo karoti au tango asubuhi, na jioni akalifukua, akalisuuza, akalikata vipande vyembamba vya kulia wali. Na kila siku, mwanangu, bila kukosa, alikunja mkono wa nguo, akatia mkono mpaka chini, akazigeuza pumba zile taratibu. Harufu yake ilikuwa kali, ya uchachu. Nilijizuia kuziba pua kwa adabu tu.

Miezi minne kabla ya siku ninayokusimulia, barua ilikuja kutoka kwao. Mama yake amefariki, na wameshamzika. Kwao ni mbali, hakwenda. Alilia siku moja, kesho yake akaenda kufundisha. Lakini niliona kwamba tangu barua ile alikuwa akikaa na chungu chake muda mrefu zaidi, mkono umo ndani, macho ameyaelekeza dirishani. Niliona na sikuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilidhani tayari najua yote ya nyumba ile.

Basi akapata safari ya Sericho, siku tatu, kuwatembelea wazazi wa wanafunzi wake. Akaniachia kazi moja. "Nakuomba uzigeuze pumba asubuhi na jioni kwa mkono wako. Kwa mkono, Halima, si kwa mwiko."

Siku ya kwanza nikatia mkono. Harufu ikanifuata mpaka nyumbani, hata chapati ikanikataa. Siku ya pili nikasimama mbele ya chungu kile nikiona haya, na haya hiyo ielewe vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Kwetu msichana hujulikana kwa chombo chake cha maziwa. Mgeni akiinua kifuniko cha gorfa, kile chombo kilichofumwa kwa mizizi, pua yake ndiyo inayotoa hukumu. Chombo kikinuka, msichana ni mvivu, na aliyemlea pia. Akoo alinifunza kusugua, kuanika, kisha kufukiza kwa kijinga cha moto mpaka chombo kinukie moshi mtamu. Hapo Bulla Pesa nzima hakukuwa na msichana wa kunishinda kufukiza. Nikajiambia: huyu mwalimu ni mtu mzuri, ila kwao hawakumfundisha. Nitamsaidia.

Niliziondoa karoti tatu zilizokuwa zimezikwa, nikazifunga kwenye gazeti pamoja na uchafu wake, kwa sababu chakula hakitupwi. Hilo nalo nilifunzwa na akoo. Pumba nikawapelekea mbuzi wa jirani. Walizipigania! Nikasugua chungu kwa mchanga, nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakianika juani, kisha nikatumbukiza vijinga vyekundu, nikafunika, nikafukiza mara tatu. Nilikuwa nikiimba, mwanangu. Ndilo jambo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nilikuwa nikiimba.

Mwalimu akarudi na vumbi la Sericho mpaka kwenye kope. Hata mkoba hakuutua vizuri, akasimama akinusa. "Kuna moto?" akauliza. Nikamwonyesha chungu kwa majivuno. Akainua kifuniko, akatazama ndani, akaingiza mkono, akaupitisha kwenye ukuta mkavu wa chungu kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliketi sakafuni, akasema kwa sauti ndogo, "Pumba zile zilikuwa za mama yangu. Na za mama yake kabla yake. Nilizibeba mkononi kwenye ndege."

Nilikimbia mpaka nyumbani. Akoo alikuwa akichambua maharagwe. Nikamweleza yote nikilia, nikitarajia aseme pole. Hakusema.

"Hiyo kitu ulimwaga ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya mwalimu."

"Alikuambia imwagwe?"

"Hapana, akoo. Lakini ilikuwa inanuka."

"Na maziwa yangu ya kulala, ile ya uchachu, yakinuka, utamwaga? Mimi nikifukiza gorfa, kwanza naweka wapi maziwa ya jana?"

Nikajibu kwa sauti ya mbu, "Kwa kikombe. Kidogo."

"Kwa nini?"

"Ndiyo yanafundisha maziwa ya leo."

"Haya. Yangu unajua, ya mwenzako hujui. Mama ya mtu amekufa, akaacha mkono yake ndani ya chungu, na wewe umeipatia mbuzi. Usafi yako imekuwa kiburi, Halima." Akasimama, akajifunga leso, akabeba kibuyu cha maziwa ya ngamia. "Twende. Na usilie mbele yake. Mwenye msiba ni yeye, si wewe."

Tukashika njia. Nilikuwa nikiwaza kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba kesho sina kazi, na kwamba kazi haikuwa kitu. Nilichotaka ni kurudisha jua nyuma siku moja tu.

Mwalimu alikuwa bado ameketi pale pale. Akoo akasema salaam aleikum mlangoni, naye mwalimu akainuka, akainama kiunoni kama alivyozoea kwa wazee. Akoo akampa maziwa. "Pole na mama," akasema, kama vile msiba ulikuwa wa jana. Na kweli ulikuwa wa jana. Mwalimu akalia kwa mara ya pili tangu barua ile, na akoo akamshika bega mpaka akamaliza. Kisha akoo akanigeukia. "Ulimwaga yote? Hakuna hata kidogo imebaki?"

Hapo ndipo nilipozikumbuka karoti.

Nikalichukua lile gazeti kando ya jiko, nikalifungua. Karoti tatu zilizosinyaa, na pumba zimezigandia kama matope kwenye kwato. Mwalimu akazinusa. Akachukua kisu, akazikwangua kwa mgongo wake, taratibu, hata mkunjo wa gazeti akaukung'uta. Tukapata kiasi cha kijiko kimoja. Akakitazama kijiko kile kama watu wa kwetu wanavyotazama wingu la kwanza baada ya ukame.

"Huenda kikatosha," akasema. Akatueleza kwamba mna kitu hai humo, kidogo hata jicho halikioni, na kikipewa chakula kitaongezeka. Mimi sikuelewa. Akoo alielewa mara moja, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Kama maziwa." Wanawake wawili wasio na lugha moja ya mama, mmoja amesoma hesabu, mwingine hajui kuandika jina lake, wakaelewana juu ya kijiko cha uchafu. Nilisimama pale nywele zimenisimama.

Sokoni palikuwa na mama mmoja wa Meru aliyeuza mchele na chakula cha kuku. Nikamnunulia mwalimu pumba mpya. Tukachemsha maji ya chumvi, tukayapoza, tukachanganya kwenye chungu, na kile kijiko kikaingia katikati. Mwalimu akakoroga. Kisha akaniambia, "Sasa wewe." Nikasita, mkono uliokosa unarudije mahali pale pale? Akanishika kifundo, akautia mwenyewe. Halafu akamtazama akoo. Akoo akakunja mkono wa nguo, akasema Bismillahi, akatia wake pia, mkono wa mwanamke aliyekamua ngamia maisha yake yote.

Kwa wiki tatu chungu kile hakikuwa na ladha ya maana. Karoti zilitoka na chumvi tupu, tukawapa mbuzi. Kila asubuhi niligeuza, kila jioni nikageuza, nikiomba Mungu kama anayeuguza. Harufu niliyoikimbia sasa niliitafuta kwa pua. Ikaja siku moja asubuhi, nyembamba sana, halafu kesho yake ikazidi. Mwalimu akafukua tango, akalikata, akatia kipande mdomoni, akafumba macho. 

"Ni yeye," akasema.

Alipomaliza miaka yake akarudi kwao na konzi moja ya pumba ndani ya kopo, na chungu akaniachia mimi, mimi niliyekimwaga! Ndicho kile pale nyuma ya mlango, unachokipita kila siku ukikunja pua. Akoo Darmi alitutoka zamani, Mungu amrehemu. Lakini asubuhi ninapotia mkono mle, mwanangu, mwili hunisisimka. Akoo yumo. Mwalimu yumo. Yumo mwanamke wa nchi ya mbali ambaye sikumwona na jina lake silijui, na mama yake, na mama wa mama yake, na wote wananishika mkono humu Bulla Pesa. Nimeishi miaka mingi na bado sijalizoea jambo hili.

Basi pika Jumamosi, sikukatazi. Osha mchele mpaka maji yatakate, na maji uwape mbuzi. Usitie kitu ambacho hukuambiwa, hata kama mkono unakuwasha. Ukizima moto, usiguse mfuniko mpaka dakika kumi ziishe. Supu usiichemshe ukishatia rojo la maharagwe, itapoteza harufu. Na ukiingia jikoni kwa mtu, iwe ni Mjapani, Mturkana au mama mkwe wako, ukakuta kitu kinanuka, usiwe na haraka ya kukisafisha. Uliza kwanza ni cha nani na kimetoka wapi. Kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa fundi wa usafi, na ufundi wangu nusura umzike mama wa mtu mara ya pili. Kilichoniokoa si akili yangu, ni mazoea tu ya kutotupa chakula. Kwa hiyo shika sana uliyofunzwa na wazee wako, ila usidhani wazee ni wako peke yako.

Haya, lete maji ya kunawa. Vua hiyo saa, kunja mkono wa nguo, sogea hapa. Usizibe pua, mwanangu. Ingiza mpaka chini, ugeuze taratibu. Mungu aibariki mikono yako, iguse vya watu kwa heshima, iwalishe walio karibu na walio mbali. Akupe umri mrefu kuliko wangu. Na siku mkono huo utakapolala, akujalie mtu wa kukoroga kesho yake asubuhi.