Siku Niliyojibu kwa Sauti ya Nyanya

Likizo ile ya Desemba ilinuka maganda ya kahawa yaliyooza nyuma ya kiwanda, pale Githongo. Jirani na kiwanda palikuwa na chumba cha mabati cha kuonyeshea video, na Jumamosi mchana, mama akiwa kwenye foleni ya kupima kahawa, mimi niliingia humo. Nilikuwa na miaka kumi. Filamu ilihusu msichana ambaye shangazi yake aliyekufa anamwingia kidogo kidogo: kwanza mkono, kisha kicheko, mwishowe sauti. Hapakuwa na damu wala mapanga. Kijana mmoja alitutafsiria kwa Kimeru, na marehemu alipoanza kusema, alishusha sauti mpaka mwili ukanisisimka. Jamaa za yule msichana hawakukimbia. Walimpigia magoti, wakalia, wakaomba. Nilitoka mbio, na Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine tena. Naona haya kusema sababu: nilitamani kuziona tena zile nyuso za watu wazima walioishiwa na ujanja mbele ya mtoto.

Kwetu mtoto hupewa jina la mkubwa wa ukoo, na mimi nilipewa la nyanya, mamake mama, aliyefariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ndiyo maana mama hakuniita mwanangu. Aliniita Mami, na hata akinituma chumvi alisema, “Tafadhali, Mami,” kama binti mbele ya mzazi. Wenzangu nao waliitwa hivyo na hakuna aliyekosa usingizi. Lakini mimi nilikuwa nimeona ile filamu. Nikaanza kuchunguza mikono yangu nikioga. Nikajiuliza kama mama ananipenda mimi, au anamsubiri mwingine amalize kuingia.

Asubuhi moja tulikuwa tunachuma kahawa, sisi wawili tu. “Mami, hebu nishikie hili tawi,” akasema. Sikulishika. Nilishusha sauti kama yule kijana wa video, nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo mtoto hathubutu, kisha nikasema maneno ya filamu: “Karimi, mbona uliniacha?”

Nilitarajia kofi. Mama aliweka ndoo chini, akapiga magoti kwenye majani makavu.

“Mami, nisamehe. Nilikuwa nimepeleka kahawa, na unajua ikishachumwa haingoji kesho. Sikujua utaenda kabla sijarudi.”

Nilinyamaza. Nilimtazama kwa muda mrefu, na moyo ulinidunda kwa woga na kwa raha pia. Kisha nikasema nimemsamehe. Akafuta macho kwa leso, akaendelea kuchuma.

Leo naishi Meru mjini, na filamu za aina ile zimejaa kwenye simu yangu. Wanangu huzicheka. Mimi hutazama peke yangu, mchana, mlango ukiwa wazi. Mwaka jana nilimuungamia mama kwamba siku ile nilikuwa naigiza tu.

“Kwani nilidhani ni nani?” akasema, akicheka. “Nilijua ni wewe. Nilitaka tu mtu aniambie nimesamehewa.”

Nilicheka naye, nikamwongezea chai. Sikumwambia kwamba katika kile kimya cha siku ile nilikuwa karibu kukataa kumsamehe, nione tu uso wake utafanya nini.