Jezi Namba Nane Yashuka Ukutani

Úlfar Ketilsson alistaafu mpira wa kikapu Aprili iliyopita, na ushahidi upo: jezi yake namba nane iliwekwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa juu ya mlango wa ukumbi wa michezo hapa Kaldavík, mji wetu mdogo wa wavuvi. Fremu aliichonga mwenyewe na kuitundika mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwangalizi wa ukumbi na hakuna mwingine mwenye ngazi. Tulikula keki ya krimu. Mwenyekiti alihutubia mpaka kahawa ikapoa. Jioni ile kwenye bwawa la maji moto watu walimwambia kwamba ndiye marehemu wa kwanza kudeki chini ya picha yake mwenyewe.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Thelathini kati ya hiyo alitupa sisi.

Timu yetu ilianza mwaka 1974, kwa sababu uwanja wa kandanda hukaa chini ya theluji miezi saba. Fundi wa kuchomelea meli alitengeneza kikapu, akakifunga kwenye ukuta wa ghala la chumvi, chini ya kimo halali kwa kiganja kizima, na hakuna aliyejua mpaka tulipocheza ugenini kila mpira ukagonga chuma na kurudi. Tumepanda daraja mara moja, tukashuka mwaka uliofuata. Rekodi yetu ya kweli ni nyingine: hatujawahi kuwa na watu wa kutosha.

Úlfar aliingizwa akiwa na miaka kumi na sita kwa kosa la kuwa mrefu na kupita karibu na mlango. Alipofika ishirini na mbili alipata nafasi kwenye chuo cha manahodha. Timu ingebaki na wanne, akasema ataenda mwakani. Mwakani huo haujafika. Wengine tuliacha masomo kwa uvivu wetu halali. Yeye aliyaacha kwa ajili ya mechi tuliyofungwa kwa pointi hamsini.

Mkewe, Eydís, alifundisha shule yetu mpaka wanafunzi wakabaki tisa na ikafungwa. Agosti akapata kazi Akureyri, mwendo wa saa tatu kwa gari ng'ambo ya mlima, akapanga nyumba ya vyumba viwili. Úlfar angemfuata mara tu akipatikana mwangalizi mwingine wa ukumbi. Alipatikana Januari, kazi aanze Jumatatu. Miezi yote hiyo Eydís alikuwa akila sahani ikiwa mapajani, maana meza yao ya kulia, ambayo Úlfar aliichonga mwaka waliooana, haikuenea kwenye gari lake. Alimwambia mumewe kwa simu, na Úlfar akatusimulia bwawani kama kichekesho: meza ikija bila wewe nitaipokea, ukija bila meza nitakupokea, lakini Jumamosi hii ikipita sisubiri tena chochote.

Tulicheka. Sasa najua kwamba Úlfar mwenyewe hakucheka.

Jumamosi ilipofika wachezaji wetu wawili walikuwa baharini na wa tatu alikuwa kitandani na mgongo wake. Tukabaki wanne, wageni wakiwa njiani. Novemba tulikuwa tumeshashindwa mara moja kufikisha watano, na kwa sheria za ligi yetu mara ya pili unafutwa. Kolbeinn, ambaye ni nahodha wetu, kocha wetu, na dereva wa gari linalosukuma theluji njia ya mlimani, alimkuta Úlfar saa nne asubuhi kwenye pampu ya mafuta, trela imefungwa nyuma, meza imefunikwa turubai.

"Mzee, tupo wanne," Kolbeinn akasema.

"Mimi nipo ukutani. Nenda kaulize huko."

"Mlima bado sijaufungua."

"Si ufungue."

"Naufungua kukiwa na mechi. Mechi isipokuwepo, leo ni Jumamosi, mzee wangu, mimi naenda kulala."

Úlfar aliitazama meza, akautazama mlima. Akauliza upepo wa kufunga njia unaanza saa ngapi. Saa tisa na nusu, Kolbeinn akamwambia, na mechi ni saa nane. Úlfar akahesabu kimya kimya, halafu akasema kuanza mnahitaji watano, kumaliza hata wawili wanatosha, kwa hiyo yeye ataanza.

Bisibisi nilishika mimi. Skrubu nne, na jezi ikatoka inanuka gundi.

Nia yake niliielewa dakika ya tatu, alipomkumbatia mgeni mmoja kiunoni kama ndugu aliyerudi kutoka vitani. Faulo ya kwanza. Mchezaji akifikisha tano anatoka, na hakuna wa kumlaumu. Kutoka kwa miguu yake mwenyewe hakuweza. Mji una watu mia tatu, na wasiokuwa baharini walikuwa jukwaani. Mpaka mapumziko alikuwa na nne. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasorobo, na funguo za gari alikuwa amezichomeka ndani ya soksi.

Robo ya tatu akashika jezi ya mgeni kwa mikono miwili. Refa aliyekuja na wageni alikuwa upande wa pili. Aliyekuwa karibu ni Gestur wetu, mwenye duka, anayepuliza filimbi pale refa wa pili asipopatikana. Gestur akatazama dari. Úlfar akasukuma. Gestur akatazama viatu vyake. Basi Úlfar akamfuata, akaongea naye taratibu, na mimi niliyekuwa narusha mpira pembeni nikasikia kila neno.

"Gestur, bwana, umeona."

"Sijaona."

"Nakuomba. Puliza."

"Úlfar, ukiondoka hapa leo nitamwuzia nani misumari?"

Hakupuliza. Saa tisa na dakika ishirini madirisha yakaanza kutetemeka, na kabla ya robo ya mwisho simu zote jukwaani zikalia kwa ujumbe mmoja: njia ya mlimani imefungwa. Dereva wa gari la theluji alikuwa anapiga mipira ya adhabu. Alikosa yote miwili.

Tulifungwa kwa pointi kumi na tisa, na kwenye ligi tukabaki. Wageni kumi na mmoja walikwama nasi, na aliyekwama anahudumiwa na mwangalizi wa ukumbi. Úlfar akatandaza magodoro ya sarakasi, akachemsha supu ya samaki, na kwa kuwa meza za shule ziliondoka na shule, akatoka nje kwenye upepo, akafungua turubai. Meza tuliibeba watu wanne. Nilitaka kumwambia samahani, nikasema ni nzito.

Alimpigia Eydís akiwa kwenye ngazi, mgongo ametupa sisi, simu kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa imeshika fremu.

"Meza iko wapi?" Eydís akauliza.

"Hapa. Watu wanakula juu yake."

Mgeni mmoja aliacha kunywa supu.

"Basi Jumatatu nitanunua nyingine," Eydís akasema. "Ya mtu mmoja."

Úlfar hakushuka mara moja. Jezi alikuwa ameivua na kuirudisha mahali pake bila kuifua, ikiwa bado mbichi kwa jasho. Akaisukuma fremu ukutani, akakaza skrubu mbili kati ya nne, mbili zilizobaki akanipa mimi niziweke mfukoni hadi mechi ijayo. Tulipogeuka kutazama tena, kioo kilikuwa kimeshika mvuke kwa ndani na namba haisomeki.