Sufuria ya Min Akoth na Gundi ya Miwati

Siku ya kwanza kazini nilifika Ntimaru na koti jeupe la maabara nililolipiga pasi mara mbili, kwa sababu barua iliniita fundi wa maabara. Msimamizi wa Ukusanyaji, mzee Mkuria wa maneno machache, alilitazama lile koti, akanitazama mimi, kisha akanipa panga.

"Madam, maabara iko huko juu," akasema, akinionyesha shamba la miti ya miwati.

Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimebandua magome hadi viganja vikatoka malengelenge, na koti lilikuwa la kahawia. Halikutakata tena.

Ninyi mnaosomea kazi hii leo mna mashine ambazo sisi hatukuziota, lakini jambo lenyewe halijabadilika. Tulikuwa tukitafuta gundi ya mbao isiyotokana na mafuta ya petroli. Gome la mwati lina tanini, ile inayokausha ulimi ukilitafuna. Tunalikatakata, tunalichemsha, na maji yake tunayakausha hadi yawe mazito kama uji wa wimbi. Kisha tunatia kigumishi, dawa ya kuifanya gundi ishike. Ukiipaka kati ya mbao nyembamba na kuzibana kwenye mashine ya moto, unapata plaiwudi. Msimamizi alinirudia jambo moja hadi nikachoka naye: gome likinyeshewa baada ya kubanduliwa, tanini huondoka na maji, na kwa macho huwezi kujua.

Baadaye nilihamishiwa maabara ya Migori, chini ya Mkemia Mkuu, mama aliyevaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukutazamia ukikosea. Huyo ndiye aliyenifundisha kipimo cha nguvu. Unachanganya maji ya magome na dawa, unachemsha, tanini nzuri inaganda na kutua chini, unaichuja, unaikausha, unaipima. Kipimo hicho kinakula siku nzima.

"Nyar Uriri," aliniita hivyo kwa kuwa nilizaliwa Uriri, "kitabu cha maabara hakifutwi. Ukikosea piga mstari mmoja, andika ukweli kando yake, na utie sahihi."

Nilimwogopa, na nilimpenda sana.

Kisha nikapelekwa Homa Bay kusimamia gundi ya karakana ya boti. Tulikuwa tunatengeneza boti mbili za majaribio kwa plaiwudi yetu. Wiki moja ya mvua lori lilifika kutoka Ntimaru turubai likiwa limepasuka, na magome yalinuka ukungu. Nilijua nililopaswa kufanya. Lakini Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama mlangoni.

"Kipimo cha nini tena?" akauliza. "Si mlipima mzigo wa juzi? Wageni wanafika Alhamisi, nataka boti ya pili iwe imesimama."

Nikafungua kitabu na kunakili namba ya mzigo wa juzi. Sitamsingizia mtu, kwani kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Boti ya kwanza ilibaki karakanani kwa maonyesho. Ya pili ilikwenda kisiwa cha Takawiri kwa Min Akoth, yaani Mama Akoth, mjane aliyekubali kuijaribu kazini, na binti yake Akoth akawa ndiye anayeiendesha hadi Mbita na kurudi.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja, niliona kipande cha plaiwudi kimetumbukia kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya karakana. Ukingo wake ulikuwa umefunguka. Nikakigeuza nisome alama ya mzigo. Ilikuwa ya wiki ile ya lori. Nikakaa juu ya tope na sketi yangu ya kazi.

Nilimpigia Min Akoth, simu haikupatikana, maana mtandao wa kisiwani huja na kutoka, na namba ya Akoth sikuwa nayo. Nikachukua vipande viwili vikavu, kimoja cha mzigo mzuri na kimoja cha ule mbaya, nikakimbilia Mbita, nikapanda boti ya abiria hadi Takawiri. Nilimkuta Min Akoth uani akianika omena, wale dagaa wa ziwani.

"Akoth yuko wapi?"

"Ako Mbita, mmepishana tu majini. Anangoja watu wa soko wajae ndio arudi. Kwani kuna nini?"

"Mwambie asitoke, Min Akoth. Hiyo boti gundi yake ni mbovu."

Akanyooka polepole. "Nyamera, dada yangu, wewe mwenyewe uliniambia hii boti ni mzuri. Ulinionyesha karatasi. Sasa unakuja na mdomo tu unaniambia ni mbaya. Niamini gani?"

"Namba ya kwenye karatasi sikuipima. Niliinakili."

Hakunitukana, na ningependelea anitukane. Akaangalia vipande mikononi mwangu. "Mimi nimechoka na karatasi. Nionyeshe kwa macho."

Kipimo cha mwisho cha plaiwudi ni kuichemsha. Gundi nzuri huvumilia, mbaya huachia. Nikamwomba sufuria. Akaleta ile ya samaki, akachochea kuni, tukatumbukiza vipande vyote viwili na kukaa kila mtu upande wake wa moto. Maji yalichemka, yakageuka rangi ya chai ya rangi. Yeye alitazama sufuria, mimi nilitazama simu yake juu ya kigoda. Niliwaza watu wa soko wakipanda mmoja mmoja. Nikamsihi apige kwanza, tutaona baadaye.

"Bado," akasema.

Kisha kipande kimoja kikaanza kutoa mapovu ukingoni. Akakivuta kwa mwiko. Mbao ziliachana mkononi mwake kama kurasa za kitabu kilicholowa. Cha pili akakivuta pia, akakipinda kwa nguvu zote, kikakataa.

Alichukua simu. "Akoth, kik iwuog. Gol ji e yie." Usitoke, toa watu kwenye boti.

Tulisikia abiria wakilalamika upande wa pili wa simu, na Akoth akiwajibu kwa ukali. Siku iliyofuata boti ilipovutwa ufukweni, fundi wa boti alibonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

Mkuu wa Kituo alikasirika. "Ungenyamaza, tungebadilisha hizo mbao polepole." Mkemia Mkuu alikuja kutoka Migori, akaweka kitabu mbele yangu bila salamu. Nilipiga mstari mmoja juu ya namba ile, nikaandika kando: *Haikupimwa*. Nikatia sahihi. Cheo nilichokuwa nikingoja kilikwenda kwa mwingine, na nilistaafu nikiwa fundi yuleyule. Iliniuma, na hadi leo inaniuma kidogo.

Boti ya tatu tuliijenga kwa magome niliyoyapima mwenyewe, na Akoth anaiendesha hadi sasa.

Mwaka jana waliponiaga, Min Akoth alivuka maji akaja na mfuko. Akatoa ile sufuria, ya kahawia ndani kama koti langu la Ntimaru.

"Nimeisugua na mchanga, na majivu, imekataa," akasema mbele ya wakubwa wote. "Sipikii tena. Fundi yeyote akiniletea mbao, kwanza nachemsha. Hata zako, nyamera. Zako ndio nachemsha zaidi."