Ngano Iliyoota Ikiwa Imesimama

Mwaka niliooa, ngano ya serikali iliota ikiwa bado imesimama shambani. Haikuwa imevunwa wala kuanguka chini. Mabua yalikuwa yamekauka na kuwa ya manjano, kama inavyopasa mwezi wa nane, lakini ukiinama na kulishika suke ulikuta punje zimepasuka na kutoa vichipukizi vya kijani, kama abiria waliochoka kusubiri gari wakaamua kutembea. Shamba lilikuwa kubwa kiasi kwamba dereva wa kombaini ya kuvunia akienda mstari mmoja mpaka mwisho alirudi akiwa na njaa. Lote lilikuwa limechipua.

Asubuhi ile ile nililitangaza jambo hilo, maana kutangaza ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa mtu wa simu ya upepo katika mojawapo ya mashamba ya ngano kwenye tambarare za Hanang. Kila siku, kabla ya chai, nilikwenda nyuma ya ofisi kwenye kipima mvua, kikopo cha bati kilichozungushiwa uzio ili mbuzi wasikiangushe. Nilisoma maji yaliyomo, nikaingia chumbani kwangu, nikawasha mtambo na kuwasomea makao makuu habari za siku: mvua, upepo, mashine zilizokufa na mashine zilizofufuka. Mashamba mengine nayo yalisoma habari zao, kwa hiyo nilijua mvua ilikonyesha kuuzunguka mlima hata kabla sijanawa uso vizuri. Akina mama wa jikoni waliniuliza, "Leo umetuletea nini?" kana kwamba mvua niliificha mimi chini ya kitanda.

Miaka yangu ya kwanza pale, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, kazi ya kipima mvua ilikuwa ya kivivu. Nilikuta vumbi, na mara moja mjusi. Nilisema "sifuri" siku baada ya siku, mpaka mwenzangu wa makao makuu akawa ananitangulia.

"Sifuri, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Haya, niambie habari za mashine."

Nyumbani kwetu ni Masieda, juu kwenye milima ya Mbulu, ambako majira nayo yalikuwa na adabu yake. Mvua za kupandia zilianza mwezi wa kumi na moja, masika yaliondoka mwezi wa tano, kisha ukaja ukungu wa mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kumfanya ng'ombe atoe moshi puani. Mama hakuwa na kalenda ukutani. Kalenda yake ilikuwa ukungu. Ukungu ukishaondoka alikata mtama, akautandaza chini ukauke, na sehemu yake akailowesha ili ichipue, akaianika tena na kuisaga. Hicho ndicho kimea. Bila kimea, uji hubaki uji tu, hauwi pombe hata ukiuimbia.

Na bila pombe mimi nisingeoa. Katika ukoo wa mchumba wangu, siku ya harusi wazee huchukua funda la pombe mdomoni na kuwapulizia maharusi, na pombe hiyo lazima iwe imepikwa na mama wa bwana harusi kwa nafaka iliyomea mwaka ule ule. Tungekwenda kanisani kama watu wengine wote, lakini hakuna mzee ambaye angehesabu kwamba tumeoana kabla hajatupulizia. Mchumba wangu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, masomo ya miaka mitatu yaanzayo mwezi wa kwanza. Baba yake alisema wazi: ama binti aende chuo akiwa mke wa mtu, ama aende akiwa binti yake na asiguswe mpaka amalize. Kwa hiyo kiangazi kilikuwa kimoja tu. Niliomba likizo ya mwezi wa tisa, uvunaji ukiisha, nikatulia. Kiangazi hakikuwahi kuniangusha.

Mwaka ule ukungu uliondoka mapema. Mwezi wa sita haujaisha, Masieda ikawa na jua safi, na mama, aliyeuamini ukungu kuliko alivyowaamini wanawe, akakata mtama wote na kuutandaza uani. Majirani nao walifanya vivyo hivyo. Ilikuwa kijiji kizima kimetandaza mtama chini na kinausifia.

Mwezi wa saba nilikwenda kwenye kikopo changu nikakuta maji.

"Sifuri, si ndiyo?" alisema mwenzangu.

"Hapana."

"Rudia."

Nikarudia.

"Wewe, umemwagia maji ya kunawia?"

Kesho yake yalikuwa zaidi, na keshokutwa shamba la jirani nalo likasoma yake, ndipo akaacha kunishuku. Mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa ya manyunyu, ya kukaa, kama mgeni asiye na haraka, ikipumzika siku moja na kurudi. Kombaini zilisimama kwenye mstari, na madereva wakacheza bao mchana kutwa chini ya turubai. Meneja alitembea shambani kila asubuhi, alichuma suke, akalisugua viganjani, akatafuna punje na kutema.

Nilipopata lori la kunipeleka Mbulu mjini, nilipanda mpaka nyumbani kwa miguu kuona hali. Mama alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiingie, kwanza njoo unuse."

Alinipeleka kwenye mtungi alimolowesha mtama. Niliinama, nikainuka haraka.

"Ndiyo," alisema. "Mara ya tatu hii. Umelala chini ukanyeshewa, umeingia kuvu, sasa hautaki kuchipua. Mahindi ninayo ya uji wa kutosha mji mzima. Kimea ndicho sina."

"Majirani?"

"Majirani walitandaza siku moja na mimi. Unadhani jua lilinidanganya peke yangu?"

Nilikwenda kwa baba wa mchumba wangu nikiwa nimevaa koti langu zuri, nikifikiri koti litasaidia. Alikuwa ameketi akichonga mpini wa jembe. Binti yake alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia mtama wa mama yako umelala chini umekataa kuamka."

"Ndiyo baba. Nilikuwa nafikiri, labda mwaka huu wazee wangebariki kwa soda."

Aliacha kuchonga. "Soda."

"Ndiyo baba."

"Umewahi kumwona mzee wa umri wangu akishika funda la soda mdomoni? Gesi itampandia puani, apige chafya, ndoa iishe hapo hapo." Jikoni mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. "Wewe si ndiye unayeitangazia serikali mvua kila asubuhi? Ungeitangazia basi isimame. Nenda kafikirie. Mvua za kupandia zikianza bila pombe, huyu anakwenda zake chuo, na wewe utamngoja na koti lako."

Mchumba wangu alinisindikiza mpaka njia panda. Nilitegemea atanipa pole.

"Soda!" alisema. "Ulishindwa hata kusema asali?"

Nilirudi Hanang nikiwa na hali hiyo, na wiki chache baadaye ndipo ngano ikaota. Mnunuzi alikuja kuiangalia, akapasua masuke kadhaa kwa ukucha, akasema unga wake hautafaa mkate, utakuwa wa kunata tu, akaondoka. Meneja aliita kikao. Sehemu ya juu, iliyochelewa kupandwa, ilikuwa salama na ingevunwa. Sehemu ya chini, iliyochipua, akaamua ilishwe mifugo.

Hiyo nayo ilikuwa habari. Miaka yote walinzi wetu walikuwa wakifukuza ng'ombe wa wafugaji wa tambarare zile, ambao walichunga hapo kabla ya trekta la kwanza kufika. Sasa walinzi wale wale walitumwa kwenda kuwakaribisha. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu upande wa mlima alifika na kundi lake, akasimama mpakani na fimbo yake, asiingie.

"Ingia, mzee," mlinzi alimwambia.

"Jana ulinipigia filimbi."

"Jana ni jana. Leo ni amri."

"Basi niiteni vizuri. Ng'ombe wangu hawaingii kwa watu bila kukaribishwa."

Mlinzi ilibidi amwamkie shikamoo na kuwakaribisha ng'ombe rasmi, huku sisi tukishika mbavu. Mzee akaingia. Nilimfuata, kwa kuwa nilipenda kuuliza watu mambo, nikamwuliza kama amewahi kuona mvua ya namna hii mwezi wa nane. Aliangalia mlima kwanza.

"Nikiwa kijana, mwezi huu tulihamisha ng'ombe kufuata maji," alisema. "Mwaka huu maji yamewafuata ng'ombe. Sijui nani amebadilika."

Aliinama, akakwanyua suke, akanipa. "Wake zenu wa kule juu si hutafuta hii? Ya kupikia?"

Nilisimama nikiwa nimeshika lile suke mpaka ng'ombe mmoja akalichukua mkononi mwangu. Mvua iliyomnyima mama kimea Masieda ilikuwa imenitengenezea shamba zima la kimea Hanang.

Nilikimbia ofisini. Meneja alikuwa ameinamia meza kwa mikono miwili.

"Mzee, naomba magunia mawili ya ngano ile ya chini."

"Kijana, unataka nini na ngano iliyokufa?"

"Haijafa mzee. Imechangamka."

Nikamweleza habari zote, mtama, mpini wa jembe, chafya. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kumsikia akicheka. "Chukua," alisema. "Ila mimi nialikwe. Kama hii ndiyo hasara yangu, angalau niionje."

Akina mama wa kambini walinisaidia kukata kwa mundu, kupiga na kupepeta, na kila mmoja akabeba ya kwake pia. Jua lilipotoka siku mbili tulianika kwenye maturubai ya kombaini. Magunia yalipanda lori mpaka Mbulu, kisha punda mpaka Masieda. Mama alichota kiganja, akanusa, akatafuna chipukizi.

"Imechipua kwa urefu sawa," alisema, kwa wivu kidogo. "Nani kaitunza?"

"Hakuna. Mvua."

"Basi mvua inajua kazi kuliko mimi."

Baba mkwe alikuja siku ya pombe kuiva na wazee wenzake, akachungulia mtungini. Povu lilikuwa refu na jeupe. Hakugusa kata.

"Nafaka hii imetoka wapi? Si ya kwako. Ni ya serikali."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Hanang, lakini mama alinisogeza pembeni.

"Sharti lenu ni kwamba nipike mimi, kwa nafaka ya mwaka huu," alisema. "Nimepika mimi. Na hakuna nafaka ya mwaka huu kuliko hii, maana imeoteshwa na mvua ambayo haijawahi kuwa ya mwaka mwingine. Mvua imechukua mtama wangu hapa, imenirudishia kule. Ukitaka kubishana, bishana nayo, iko nje."

Kweli ilikuwa inanyunya. Mzee mmoja alicheka, wa pili akafuata. Baba mkwe akachota, akaonja, akachota tena.

"Kali," alisema. "Serikali inajua kuotesha."

Tulioana mwezi wa tisa. Wazee walitupulizia mpaka shela la bibi harusi likalowa, na meneja alikunywa hasara yake akisema ndiyo ngano bora kuwahi kuvunwa chini ya uongozi wake. Mke wangu alikwenda chuo akiwa mke wangu, akarudi likizo na vazi jeupe ambalo vumbi la Hanang lililichafua siku ya kwanza.

Kwa miaka kadhaa niliusimulia ule kama mwaka wa kichekesho, uliojitokeza mara moja. Kisha ikatokea tena mvua ya mwezi wa saba. Ukaja mwaka mvua za kupandia zilipofika karibu na Krismasi, na mwingine zilipofika mapema zikaondoka, mahindi yakabaki magotini. Ukungu Masieda siku hizi huja wiki mbili, tatu, na mwaka mwingine hauji. Shamba la serikali nalo likafikia mwisho wake, na kikopo changu sijui kilikwenda na nani. Nimebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda kuipanga miaka ya ujana ionekane nadhifu kuliko ilivyokuwa. Mke wangu husema hata bibi yake alilalamikia mvua. Mimi husema alilalamikia nyingine.

Mwezi uliopita mjukuu wetu alipiga simu. Anaolewa, na upande wa mume wamekubali sharti la pombe ya mama, kimea na yote.

"Babu, bibi, nyinyi ndio mnajua. Kiangazi ni mwezi gani?"

"Wa nane," alisema mke wangu.

"Wa tisa," nilisema mimi, wakati ule ule.

"Mwezi wa nane mtama utakauka," aliniambia.

"Mwezi wa nane ndio ngano iliota."

Mjukuu alisubiri, kisha akasema atapiga kesho tukishakubaliana. Amepiga mara nne. Mama wa bwana harusi ameshaweka mtama tayari na anauliza auloweshe lini, na hadi leo tarehe haijapangwa.